Ganzi ya jino na mdundo wa moyo: kwa nini dawa ni moja

Katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lignokeini imeandikwa zaidi ya mara moja. Imo kwenye fungu la dawa za ganzi, ile sindano ya kung'olea jino, kushonea kidonda na kutahiria. Ukiendelea kusoma unaikuta tena kwenye fungu la dawa za moyo, pamoja na zile zinazotuliza mapigo yaliyovurugika. Halafu kitabu chochote cha dawa kitakuongezea onyo: lignokeini hiyohiyo ikizidi mwilini inaweza kuvuruga mapigo, hata kusimamisha moyo.

Mtu akizisikia habari hizi vipande vipande, ana haki ya kuchanganyikiwa. Ndiyo maana utamkuta mama mwenye presha anavumilia jino bovu miezi na miezi kwa kuwa jirani kamwambia ganzi inasimamisha moyo. Utamkuta mwingine ambaye mapigo yalimwenda kasi kwenye kiti cha daktari wa meno, akaapa hatarudi tena. Na yuko anayeuliza, kwa nia njema kabisa, kama ganzi inatuliza moyo, kwa nini asipewe yeye ambaye moyo unamwenda mbio kila usiku. Wote watatu wameshika kipande cha ukweli. Kinachoviunganisha vipande hivyo kinaeleweka bila shahada ya udaktari, ilimradi tuanze chini na kupanda taratibu.

Majina kwanza

Ganzi ni hali ya sehemu moja ya mwili kutosikia maumivu huku mwenyewe yuko macho. Nusu kaputi ni kitu kingine: hiyo humlaza mgonjwa usingizi mzito, na dawa zake nyingi ni za aina tofauti. Dawa za ganzi ni ukoo. Lignokeini ndiyo maarufu zaidi (wengine huiita lidokeini, ni ileile). Bupivakeini ni ndugu yake mwenye nguvu zaidi na anayekaa muda mrefu, na ndiyo inayotumika sana kwenye sindano ya mgongo kwa kina mama wanaojifungua kwa upasuaji.

Mdundo wa moyo ni mpangilio wa mapigo. Moyo una umeme wake wenyewe: kila pigo huanza na cheche ndogo sehemu ya juu, upande wa kulia, kisha umeme ukasambaa hadi vyumba viwili vya chini vinavyosukuma damu kwenda kwenye mapafu na mwili mzima. Umeme ukipotea njia, mapigo huruka au hukimbia. Hali mbaya kuliko zote ni pale vyumba vya chini vinapotetemeka tu bila kusukuma chochote. Mtu huanguka hapohapo, na asipopata msaada ndani ya dakika chache, hufa.

Mshtuko wa moyo watu huuchanganya na hayo. Kwenye mshtuko, mshipa unaolisha misuli ya moyo umeziba na sehemu ya misuli inakufa kwa kukosa damu. Mshtuko unaweza kuzaa mvurugiko wa mdundo, saa hiyohiyo au miezi baadaye kupitia kovu linalobaki. Shika hilo la kovu, maana litarudi.

Geti la pantoni

Neva inayopeleka habari ya maumivu kutoka kwenye jino hadi ubongoni hutumia umeme. Misuli ya moyo nayo hutumia umeme. Na umeme wa pande zote mbili unatengenezwa kwa njia moja: chembe za sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani, huingia kwa kishindo ndani ya seli kupitia vijilango vidogo sana vilivyoko kwenye ukuta wake.

Anayevuka kwenda Kigamboni, Dar es Salaam, kwa pantoni, yaani kivuko cha majini, anaujua mwendo wa milango hii. Abiria wanasubiri nje. Geti linafunguliwa, umati unamiminika ndani, geti linafungwa. Halifunguki tena hadi pantoni liende ng'ambo na kurudi. Kijilango cha sodiamu hufanya hivyohivyo: hufunguka, chembe zinamiminika, hufungwa, kisha kinahitaji muda kidogo wa kujiweka sawa kabla ya kufunguka tena. Kila mmiminiko mmoja ni wimbi moja la umeme. Kwenye neva ya jino wimbi hilo ni habari ya maumivu, na kwenye moyo ni pigo.

Dawa ya ganzi huingia ndani ya seli na kuliwekea geti kabari. Abiria wamejaa nje, lakini hakuna anayepita. Daktari wa meno akidunga pembeni ya neva, makabari yanajaa pale, neva inanyamaza, jino linang'oka bila wewe kuruka. Dawa hiyohiyo ikifika kwenye moyo inaweka makabari yaleyale kwenye mageti yaleyale. Tofauti ni kwamba neva ikinyamaza kabisa kwa saa moja ndicho tulichokitaka, na moyo hauruhusiwi kunyamaza hata dakika moja.

Basi dawa ya namna hii inawezaje kumsaidia mgonjwa wa moyo? Siri iko kwenye muda ambao kabari linakaa. Kabari la lignokeini hutoka upesi, ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika una nafasi ya karibu sekunde nzima kati ya pigo na pigo, kwa hiyo pantoni linalofuata likifika, mageti mengi yameshaachiwa. Moyo mzima wenye mwendo wa kawaida hausikii sana. Ila sehemu ya moyo iliyojeruhiwa, inayofyatua umeme ovyo na kwa kasi, inaleta pantoni juu ya pantoni. Makabari hayapati muda wa kutoka, yanarundikana, na sehemu ile korofi inazimwa huku nyingine zikiendelea na kazi. Ndiyo maana lignokeini huwafaa watu wenye mvurugiko wa vyumba vya chini, hasa baada ya mshtuko wa moyo, na haina msaada wa maana kwa anayesumbuliwa na mapigo ya hofu na mawazo usiku.

Mwaka 1985 watafiti Clarkson na Hondeghem walipima mwachio huu kwenye misuli ya moyo wa wanyama wa maabara. Dawa zote mbili ziliingia haraka. Lignokeini ilitoka haraka pia, wakati bupivakeini ilihitaji takriban sekunde moja na nusu. Weka namba hiyo mbele ya moyo unaopiga mara 70 kwa dakika: pantoni linalofuata linafika na geti bado lina kabari la safari iliyopita, linaongezwa jingine, na jingine. Hapo utaelewa kwa nini ndugu hawa wawili, wanaofanana sana kwenye kuzima maumivu, hawafanani kabisa pale wanapoingia kwenye damu kwa wingi.

Walivyogundua

Historia ya dawa hizi imejaa mambo yaliyotokea bila kupangwa. Kwinini, ile ya malaria ambayo wazee wetu wanaijua kwa uchungu wake, inatokana na gome la mti wa sinkona. Mwaka 1912 mfanyabiashara mmoja Mholanzi alikwenda kwa daktari Karel Wenckebach akiwa na mapigo yasiyo na mpangilio. Daktari akamwambia hana tiba. Yule bwana akajibu kwamba yeye anayo: akimeza kwinini, mapigo hutulia. Kesho yake akarudi na mapigo yaliyonyooka. Wenckebach aliandika habari hiyo mwaka 1914, na mwaka 1918 Walter Frey, huko Ujerumani, alionyesha kwamba kwinidini, pacha wa kwinini kutoka gome lilelile, inafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Kwinidini nayo huweka makabari kwenye mageti ya sodiamu, ingawa wakati ule hakuna aliyejua.

Upande wa ganzi, safari ilianza na kokeini. Mwaka 1884 Carl Koller, daktari kijana wa Vienna, aliidondoshea machoni na kuonyesha kwamba jicho linaweza kupasuliwa mgonjwa akiwa macho bila maumivu. Kokeini ilikuwa na uraibu na ilidhuru moyo, kwa hiyo wakemia wakatafuta mbadala. Alfred Einhorn, Mjerumani, akatengeneza prokeini mwanzoni mwa karne ya 20. Lignokeini yenyewe ina asili ya shayiri. Huko Stockholm, katika miaka ya 1930, wakemia waliokuwa wakichunguza kemikali ya mmea huo walitengeneza moja inayofanana nayo, na Holger Erdtman alipoionja ulimi ukafa ganzi. Nils Löfgren aliifuatilia njia hiyo hadi mwaka 1943 akapata lignokeini, na kijana aliyefanya naye kazi, Bengt Lundqvist, akaijaribu kwa kujidunga mwenyewe. Ikaanza kuuzwa mwaka 1948. Kufikia 1950 tayari madaktari walikuwa wameitumia kutuliza mapigo yaliyovurugika wakati wa kupitisha mpira mwembamba ndani ya moyo. Kuanzia miaka ya 1960 ikawa dawa ya kila siku kwenye wodi za wagonjwa wa moyo wa nchi tajiri.

Bupivakeini ilikuja na mkasa wake. Mwaka 1979 daktari wa usingizi wa Marekani, George Albright, aliandika kuhusu wagonjwa ambao mioyo ilisimama ghafla baada ya kudungwa bupivakeini au dawa ya karibu nayo, na kuwarudisha kukawa kugumu mno. Kipimo kikubwa kilichokusudiwa pembeni ya neva kilikuwa kimeingia kwenye mshipa wa damu. Miaka michache baadaye mamlaka ya dawa ya Marekani ikaelekeza bupivakeini ya asilimia 0.75 isitumike tena kwa wanaojifungua. Jibu la matibabu lilitoka mahali ambapo hakuna aliyepatazamia. Mwaka 1998 Guy Weinberg wa Chicago alieleza kwamba panya waliopewa mchanganyiko mweupe wa mafuta ya soya, ule unaodungwa kuwalisha wagonjwa wasioweza kula, walistahimili bupivakeini nyingi zaidi. Bupivakeini hupenda mafuta, na mafuta yakiwa ndani ya damu huivuta kutoka kwenye moyo. Mwaka 2006 madaktari wa New York walitoa taarifa ya mgonjwa ambaye moyo ulikuwa umesimama na huduma za kawaida zimeshindwa. Akapewa mafuta hayo, moyo ukarudi, akapona. Leo miongozo ya wataalamu wa usingizi inataka dawa hiyo iwe karibu popote ganzi ya kiasi kikubwa inapodungwa. Ni swali zuri sana kuliuliza katika hospitali zetu: ipo?

Mama anayekwenda kupasuliwa asitishwe na habari hii. Kwenye sindano ya mgongo bupivakeini inayotumika ni kidogo, aghalabu miligramu 10 au zaidi kidogo, na inaingizwa kwenye maji ya uti wa mgongo. Kiasi hicho hata kikipotea njia hakitoshi kuusimamisha moyo kwa makabari. Tatizo la kawaida la sindano hiyo ni presha kushuka, maana neva zinazobana mishipa ya damu nazo zimenyamazishwa. Ndiyo sababu wanakutundikia maji na kukupima presha mara kwa mara.

Utafiti uliowaumbua wataalamu

Sasa tufike mahali ambapo, kwa maoni yangu, kila mwandika cheti cha dawa angepaswa kupita.

Miaka ya 1970 na 1980 madaktari walikuwa na uhakika wa jambo moja: mtu aliyepona mshtuko wa moyo, akionekana kwenye kipimo cha umeme wa moyo kwamba ana mapigo mengi ya ziada kutoka vyumba vya chini, yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa ghafla. Hilo lilikuwa kweli. Na dawa zilikuwepo, jamaa wa lignokeini wanaomezeka, enkainidi na flekainidi, zilizofuta mapigo hayo ya ziada kwa ustadi mkubwa. Karatasi ya kipimo ilitoka safi. Hesabu ilionekana nyepesi: mapigo ya ziada yanaashiria kifo, dawa inayafuta, kwa hiyo dawa inazuia kifo. Wagonjwa wengi wakaandikiwa.

Wamarekani wakaamua kuthibitisha. Utafiti uliojulikana kwa kifupi CAST uliwachukua wagonjwa ambao dawa ilikuwa imeshaonekana kuwafuta mapigo ya ziada, yaani wale ambao kwao ilifanya kazi. Wakagawanywa kwa bahati nasibu: 755 wapewe enkainidi au flekainidi, 743 wapewe vidonge visivyo na dawa. Ikafika Aprili 1989, wasimamizi wakausimamisha upande huo wa utafiti kabla ya wakati wake. Taarifa kamili ilipotoka mwaka 1991, baada ya wastani wa miezi 10 ya ufuatiliaji, waliokufa kati ya waliopewa dawa walikuwa 63. Kati ya waliomeza vidonge vitupu, 26.

Rudi kwenye kovu. Moyo uliopona mshtuko una kovu, na umeme huzunguka kando yake kama unavyoweza. Kabari la flekainidi hukaa zaidi ya sekunde 10, maana yake linavuka pigo baada ya pigo. Umeme unapunguzwa mwendo moyo mzima, na pembeni ya kovu, wimbi linalotembea polepole linapata nafasi ya kuzunguka na kurudi lilikotoka, likajizungusha bila kukoma. Dawa iliyofuta mapigo madogo ya ziada ikawasha mvurugiko mkubwa unaoua. Na kwa kuwa karatasi ilikuwa safi, hakuna daktari katika kliniki yake aliyeweza kuona hayo kwa macho. Mgonjwa mmoja akifa ghafla, utasema ni moyo wake mbovu. Ilihitajika kuwalinganisha wagonjwa 1,498 ili ukweli uonekane.

Lignokeini yenyewe haikupona kwenye uchunguzi wa miaka hiyo. Ilikuwa desturi kumdunga kila aliyelazwa kwa mshtuko wa moyo, hata mwenye mapigo sawasawa, kama kinga. Tafiti zilipojumlishwa pamoja mwishoni mwa miaka ya 1980, ilionekana kweli hupunguza ule mtetemeko wa vyumba vya chini, lakini haikuonekana kuokoa maisha, na dalili zilielekea upande wa vifo zaidi. Desturi hiyo ikaachwa. Enkainidi iliondolewa sokoni. Flekainidi ipo mpaka leo na inafanya kazi nzuri kwa watu waliochaguliwa vizuri, wenye mvurugiko wa vyumba vya juu na moyo usio na kovu.

Kwa hiyo lignokeini imebaki na kazi gani kwenye moyo? Dharura. Utafiti mkubwa wa Amerika ya Kaskazini uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia watu 3,026 waliosimama moyo nje ya hospitali, mtetemeko ukagoma kukatika hata kwa kushtuliwa na umeme. Walioruhusiwa kutoka hospitali wakiwa hai walikuwa asilimia 24.4 kwa waliopewa amiodaroni (dawa nyingine ya kutuliza mdundo), 23.7 kwa lignokeini, na 21.0 kwa waliopewa maji ya chumvi tu. Tofauti hiyo haikutosha kusema kwa uhakika kwamba dawa zilisaidia kundi zima, ila kwa wale walioanguka mbele za watu matokeo yalikuwa bora zaidi kwa waliopata dawa mojawapo kuliko kwa waliopata maji matupu. Mikono inayokandamiza kifua mapema na mashine ya kushtua moyo bado ndizo zinazobeba mzigo mkubwa.

Kiti cha daktari wa meno

Turudi kwa wale watu watatu. Kipande kimoja cha ganzi ya meno, yaani kile kichupa kinachopachikwa kwenye sindano, kina mililita 1.8. Kikiwa cha asilimia 2, kila mililita ina lignokeini miligramu 20, kwa hiyo jumla ni miligramu 36. Mgonjwa wa moyo mwenye kilo 60 akipewa lignokeini ya dharura hudungwa miligramu 60 hadi 90, tena moja kwa moja kwenye mshipa wa damu. Yaani kipande kile hakifiki hata dozi moja ya tiba ya moyo, na kinaingia kwenye fizi ambako damu inakichukua kidogo kidogo. Kwa mtu mzima, kipande kimoja au viwili viko mbali na hatari. Kwa mtoto mdogo hesabu inabadilika, kwa sababu kiwango cha juu hupimwa kwa kilo za mwili. Ndiyo maana mtoto hupimwa uzito kabla ya sindano, na mzazi asione haya kuuliza kama hilo limefanyika.

Yale mapigo ya kasi kwenye kiti mara nyingi husababishwa na adrenalini inayochanganywa humo ili kubana mishipa na kuifanya ganzi idumu. Adrenalini ndiyo homoni ya woga na kukimbia, nayo huweza kuupigisha moyo kwa dakika chache, halafu hali inatulia. Mweleze daktari kama una ugonjwa wa moyo, presha isiyodhibitiwa, au dawa unazotumia kila siku, atapunguza adrenalini au ataiacha. Kukaa na jino lililooza ni hatari ya kweli kwa mwenye moyo mbovu. Kwa waliowahi kuumia vali za moyo kutokana na homa ya baridi yabisi, vijidudu vya kinywani vinaweza kusafiri na kushambulia vali hizo. Waeleze pia hilo kabla ya kung'oa.

Kwa anayetaka kuinywa: lignokeini ikipita tumboni, ini huivunja sehemu kubwa kabla haijafika kwenye moyo, na kinachobaki hakitabiriki. Kuna jamaa yake, meksiletini, aliyetengenezwa aweze kumezwa, lakini huyo ni wa kuandikiwa na daktari wa moyo baada ya vipimo.

Mahali ambapo mimi nina wasiwasi zaidi ni dukani na nyumbani. Lignokeini inapatikana kama jeli, dawa ya kupuliza na krimu, na watu huichukulia kama mafuta ya kujipaka. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya wanawake vijana wawili kufa. Walijipaka krimu kali ya ganzi miguuni kabla ya kuondolewa nywele kwa mionzi, wakajifunga plastiki juu yake, na ngozi ikainywa dawa nyingi kuliko ilivyotakiwa. Mwaka 2014 mamlaka hiyohiyo ilionya dhidi ya kuwapaka watoto wanaoota meno lignokeini ya majimaji. Mtoto humeza, na kipimo cha kijiko hakina usahihi wowote kwa mwili wa kilo saba au nane.

Dawa ikizidi, mwili mara nyingi hutoa ishara kabla moyo haujaguswa: midomo na ulimi kufa ganzi upande ambao haukudungwa, ladha ya chuma mdomoni, mvumo masikioni, kizunguzungu, kuongea ovyo, halafu degedege. Ukiwa kwenye kiti au kitandani ukahisi mojawapo, sema saa hiyohiyo, hata kama sindano bado iko mkononi mwa daktari. Kama ni mtoto nyumbani aliyepakwa au kumeza, futa dawa iliyobaki, chukua chupa yenyewe, na muende hospitali nayo ili wasome kiasi kilichoandikwa ubavuni.